Watoto Saba wa Aberystwyth

Septemba 1939, wiki chache tu baada ya Uingereza kuingia vitani na Ujerumani, watoto saba walianza shule mpya mjini Aberystwyth, kwenye pwani ya magharibi ya Welisi. Mwalimu wao, Norah Isaac, alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini na mitano. Shule haikuwa ya serikali; ilikuwa ya wazazi, na wazazi ndio waliolipa. Mji ulikuwa umepokea watoto wengi waliohamishwa kutoka Liverpool wakikimbizwa mabomu, na watoto hao walijaa madarasani pamoja na Kiingereza chao. Wazazi wachache waliona hatari: mtoto wa Kiwelisi atakwenda shule na ulimi wake, atarudi jioni na ulimi wa wageni. Wakaamua watoto wao wasome kila kitu kwa Kiwelisi, kuanzia hesabu na jiografia hadi nyimbo na maigizo.

Watoto saba ni wachache mno kuitwa shule. Hata hivyo, mhadhara huu unaanzia kwao, kwa sababu elimu yote ya Kiwelisi inayosifiwa leo, kuanzia shule za chekechea hadi mihadhara ya chuo kikuu, imepita katika mlango ule mdogo.

Kiswahili kimejaliwa tofauti moja ambayo lugha nyingi huihangaikia. Tunasema kufundisha lugha, na tunasema kufundishia kwa lugha. Herufi moja tu imeingia katikati, lakini kazi inayofanyika darasani imebadilika kabisa. Lugha inayofundishwa ni somo kama masomo mengine: ina kipindi chake, daftari lake na mtihani wake, na kengele ikilia inafungwa kabatini. Lugha ya kufundishia ni hewa ya darasa. Kwa lugha hiyo mtoto anaomba ruhusa ya kwenda chooni, anagombana na jirani yake, anakosea kugawanya na anasahihishwa. Historia ya Kiwelisi shuleni ni ushahidi wa karibu miaka mia tatu juu ya herufi hiyo moja.

*

Kilomita chache kutoka ziwa la Bala, kaskazini mwa Welisi, kuna kijiji kinachoitwa Llanuwchllyn. Hapo mwaka 1858 alizaliwa Owen Morgan Edwards, mtoto wa mkulima mdogo. Nyumbani, kanisani na malishoni hakusikia lugha nyingine ila Kiwelisi. Alipopelekwa shule alikuta lugha hiyo ni kosa. Mtoto aliyesikika akiitamka alivishwa shingoni kipande cha mti chenye kamba. Njia pekee ya kukivua ilikuwa kumnasa mwenzake akitamka neno la Kiwelisi, ili kihamie kwake. Jioni, yule ambaye siku ilimwishia nacho shingoni ndiye aliyechapwa.

Katika shule nyingine kibao hicho kilichongwa herufi mbili, W.N., na kikajulikana kwa jina la Welsh Not. Edwards aliandika baadaye kwamba yeye hakutaka kukihamishia kwa mwingine. Moyo ulimkataza kumtega mwenzake, kwa hiyo kamba ilikaa shingoni mwake na fimbo ikawa yake.

Msikilizaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukoloni wa akili, ameeleza jinsi mtoto aliyesikika akisema Kigĩkũyũ shuleni alivyokabidhiwa kifungo, naye akamtafuta wa kumpa, hadi jioni mwalimu alipofuata mnyororo wa majina na kuwapata wakosaji wote wa siku. Vizazi vya baadaye nchini Kenya vimekijua kitu hicho kwa jina la disk. Kati ya Llanuwchllyn na Limuru ya Ngũgĩ kuna bahari na karibu miaka mia moja, lakini mbinu ni ileile: mtoto anafanywa mpelelezi wa mtoto mwenzake, na lugha ya mama inakuwa ushahidi wa kosa.

Kuna jambo katika habari ya Welisi ambalo ni chungu zaidi, na haifai kulipitia haraka. Kibao kile hakikuletwa na sheria ya serikali. Wanahistoria wameonyesha kwamba kilikuwa mbinu ya walimu wenyewe, shule hii ikikitumia na ile isikitumie, na mara nyingi wazazi waliikubali, wengine hata kuitaka. Mkulima aliyezungumza Kiwelisi peke yake alijua kwamba kazi za mjini, reli, ofisi na meli vilifunguka kwa Kiingereza. Alimpeleka mtoto shule ili akapate ufunguo huo, basi kila dakika ya Kiwelisi darasani aliiona ada inayopotea. Hakuichukia lugha yake. Alidhani itajitunza yenyewe, kwa kuwa hakuwahi kuona siku ambayo haikuwepo.

Serikali nayo ilikuwa imesema neno lake. Mwaka 1847 ilichapishwa taarifa ya wakaguzi watatu waliotumwa kuchunguza hali ya elimu Welisi. Wote watatu hawakujua Kiwelisi. Waliingia madarasa ambayo watoto hawakujua Kiingereza, wakawauliza maswali kwa Kiingereza, wakaandika kwamba watoto ni wajinga. Taarifa ikaongeza kwamba lugha yenyewe ni kizuizi cha maendeleo na hata cha maadili mema. Majalada yake yalikuwa ya rangi ya buluu, na hadi leo Wawelisi huliita tukio hilo Usaliti wa Vitabu vya Buluu.

Kinachoshangaza ni kwamba jawabu lilikuwa limekwisha kupatikana humohumo nchini, zaidi ya miaka mia moja kabla. Kasisi Griffith Jones wa Llanddowror, kusini-magharibi mwa Welisi, alianzisha miaka ya 1730 shule za kuzunguka. Mwalimu alifika kijijini majira ya baridi, wakati kazi za shamba zimepungua, akakaa miezi kama mitatu, kisha akahamia kijiji kingine. Watoto walikuja mchana, watu wazima jioni baada ya kazi. Kitabu kilikuwa Biblia, iliyokwisha kutafsiriwa kwa Kiwelisi tangu 1588 na William Morgan. Hoja ya Jones ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu akifundishwa kusoma kwa lugha asiyoijua, inabidi ajifunze mambo mawili kwa pamoja na atachukua miaka, akifundishwa kwa lugha anayoisema, miezi inatosha. Alipofariki mwaka 1761, watu zaidi ya 150,000 walikuwa wamepita katika shule hizo, katika nchi ambayo wakazi wake wote walikuwa kama nusu milioni tu. Wakulima na vibarua wa Welisi wakawa miongoni mwa watu waliojua kusoma kwa wingi barani Ulaya.

Basi Vitabu vya Buluu vilipoandikwa, mwalimu wa Kiwelisi alikuwa amekwisha kufaulu. Aliyeshindwa ni mkaguzi, ambaye hakuweza kuusoma ushahidi.

*

Hesabu za sensa zinaeleza kilichofuata. Mwaka 1901 karibu nusu ya watu wa Welisi walisema Kiwelisi. Mwaka 1961 walibaki asilimia 26. Mwaka 1991 walikuwa chini ya asilimia 19. Si shule peke yake iliyofanya hivyo: migodi ya makaa ya mawe ya kusini ilivuta maelfu ya wageni, vita viwili vya dunia vilichukua vijana, redio na sinema viliingia majumbani. Lakini shule ilifunga mlango ambao mtoto angeweza kuupitia na lugha yake kwenda kwenye elimu ya juu. Kiwelisi kikabaki cha kanisani na jikoni.

Owen Morgan Edwards, yule mtoto wa kibao, alifika Oxford akawa mwalimu wa historia huko, na mwaka 1907 akateuliwa mkaguzi mkuu wa shule za Welisi. Mtu aliyefungwa kamba shingoni kwa sababu ya lugha sasa ndiye aliyepita darasa kwa darasa akiwahimiza walimu kuitumia. Tangu 1892 alikuwa akitoa gazeti la watoto kwa Kiwelisi, kwa sababu alijua kwamba mtoto asiye na cha kusoma hawezi kulaumiwa kwa kusoma cha wengine.

Mwanawe, Ifan ab Owen Edwards, alilirithi gazeti hilo. Mwaka 1922 alitumia kurasa zake kuwaalika watoto waunde chama chao, Urdd Gobaith Cymru. Chama hicho kina kambi za likizo, mashindano ya nyimbo na maigizo, mpira na matembezi, vyote kwa Kiwelisi. Kambi ya Llangrannog, karibu na bahari, imepokea watoto tangu 1932. Na ni Ifan huyuhuyu aliyeanzisha shule ya Aberystwyth mwaka 1939. Mmoja wa wale watoto saba alikuwa mwanawe, Owen.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 ilikuwa na kifungu kilichosema mtoto asomeshwe kwa kadiri inavyowezekana kulingana na matakwa ya wazazi. Wazazi wa Kiwelisi walikishika kifungu hicho kwa mikono miwili. Tarehe 1 Machi 1947, sikukuu ya Mtakatifu Daudi, msimamizi wa Welisi, halmashauri ilifungua shule ya Kiwelisi mjini Llanelli, ya kwanza kulipiwa na fedha za umma. Zikafuata nyingine. Mwaka 1956 ikafunguliwa sekondari ya kwanza, Glan Clwyd, kaskazini-mashariki, na mwaka 1962 Rhydfelen karibu na Pontypridd, katikati ya mabonde ya migodi ambako Kiingereza kilikuwa kimetawala.

Mara nyingi utaratibu ulikuwa mmoja. Wazazi walihesabiana, wakaandika barua, wakaambiwa hawatoshi, wakatafutana tena mtaa kwa mtaa, wakarudi na majina zaidi. Ilikuwa nadra halmashauri kuamka asubuhi moja na kufungua shule ya Kiwelisi kwa hiari yake bila mzazi kuibishia mlango.

Sekondari ndipo penye mtihani wenyewe. Mwanzoni sayansi na hisabati katika shule hizo zilielekea kufundishiwa kwa Kiingereza, kwa maelezo ambayo yeyote aliyewahi kuhudhuria mjadala wa Kiswahili katika sayansi anayajua kwa moyo: vitabu hakuna, istilahi hakuna, mtihani hautatungwa, watoto watakwama chuo kikuu. Walimu wakaanza kutafsiri usiku kilichohitajika asubuhi. Walibuni istilahi, wakazipiga chapa kwa mashine ya shule, wakabadilishana na shule jirani, neno lililoshindikana wakaliacha na kutafuta jingine. Kamusi ya istilahi za shule iliyosanifishwa ilichapishwa mwaka 1998. Kwa maneno mengine, somo lilitangulia na kamusi ikafuata. Wangesubiri kamusi ikamilike ndipo wafundishe, wangesubiri miongo mingi.

*

Katika mwaka uleule wa Rhydfelen, tarehe 13 Februari 1962, mwandishi Saunders Lewis alisoma redioni mhadhara ulioitwa Tynged yr Iaith, yaani Hatima ya Lugha. Alisema kwamba mwendo ukiendelea hivyo, Kiwelisi kitakoma kuwa lugha hai mwanzoni mwa karne ya 21. Hakuomba huruma. Aliwaambia wasikilizaji wafanye isiwezekane kuendesha kazi ya serikali Welisi bila Kiwelisi, na akawatolea mfano familia moja.

Familia hiyo ni Eileen na Trefor Beasley wa Llangennech, mchimba madini na mkewe. Walipoletewa bili ya kodi ya nyumba kwa Kiingereza walikataa kuilipa hadi iandikwe kwa Kiwelisi. Walipelekwa mahakamani mara kadhaa. Madalali walikuja wakabeba samani za nyumbani. Iliwachukua miaka minane, kutoka 1952 hadi 1960, mpaka karatasi ya lugha mbili ilipofika. Kabla mwaka 1962 haujaisha, vijana waliosikia mhadhara ule walikuwa wameunda chama cha kutetea lugha, Cymdeithas yr Iaith Gymraeg, na miaka iliyofuata wengi wao walifungwa jela kwa sababu ya alama za barabarani.

Mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans alitangaza atafunga kula hadi kufa iwapo serikali ya Margaret Thatcher haitatimiza ahadi ya kuwa na televisheni ya Kiwelisi. Serikali ilirudi nyuma kabla siku ya kuanza mfungo haijafika. Kituo cha S4C kikaanza kurusha matangazo Novemba 1982. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Owen Edwards, mmoja wa wale watoto saba. Babu alivishwa kibao, baba akafungua shule, na mtoto akaiongoza televisheni.

*

Darasa lenyewe likoje? Elimu ya aina hii Wawelisi huiita trochi, maana yake kuchovya au kuzamisha. Mtoto wa miaka mitatu kutoka nyumba isiyojua neno la Kiwelisi anaingia chekechea na mwalimu anamsemesha Kiwelisi tangu salamu ya kwanza, bore da. Mwalimu anashika koti huku akilitaja, ananyoosha kidole dirishani mvua inaponyesha, anaimba wimbo uleule kila siku hadi midomo ya watoto inaanza kuufuata. Mtoto akijibu kwa Kiingereza hakaripiwi. Mwalimu anakipokea alichosema, anakirudisha kwa Kiwelisi, na kazi inaendelea. Hapa ndipo trochi inapotengana na kibao cha W.N. kama mchana na usiku, ingawa kwa mbali zote mbili zinaonekana kuwa lugha moja darasani. Kusoma na kuandika huanzia kwenye Kiwelisi. Kiingereza huingia rasmi kama somo mtoto akiwa na miaka kama saba, na kwa kuwa kimemzunguka kila mahali, hukidaka upesi.

Kiwelisi kina sifa ya ugumu, lakini Mswahili angekiingia kwa moyo mwepesi kuliko Mwingereza. Alfabeti yake inaihesabu ng kuwa herufi kamili, imewekwa mara baada ya g, na husikika kama ile ya mwanzo wa neno ng'ombe. Tena maneno hubadilika kichwani. Paka ni cath. Paka wangu ni fy nghath. Paka wake, mwenye paka akiwa mwanamume, ni ei gath. Akiwa mwanamke, ni ei chath. Mwingereza hushika kichwa, kwani amezoea neno libadilike mkiani. Anayesema ulimi na ndimi, ukuta na kuta, anajua tangu utotoni kwamba neno linaweza kuvaa uso mwingine na likabaki lilelile.

Hesabu nazo zina hadithi yake. Kwa kuhesabu kwa kale, kumi na nane ni deunaw, yaani tisa mbili, na sitini ni trigain, ishirini tatu. Shule zilichukua njia nyingine iliyonyooka: kumi na nane ni un deg wyth, kumi moja na nane, tisini na tisa ni naw deg naw, kumi tisa na tisa. Mtoto akitamka namba, amekwisha kuiona thamani ya kila tarakimu. Namna ya kale haikutupwa. Bado iko kwenye saa na katika kutaja umri. Lugha ilipoingia kwenye hesabu ilijinyoosha ili iifae kazi, na wazee hawakuona kwamba imeharibika.

Upande wa pili kuna watoto waliokuwa wengi siku zote: wanaosoma kwa Kiingereza na kufundishwa Kiwelisi kama somo. Tangu 1990 somo hilo limekuwa la lazima hadi miaka 14, na tangu 1999 hadi miaka 16. Mtoto anakaa na Kiwelisi miaka kumi na moja, anafanya mtihani, na wengi wao huondoka bila kuweza kuendesha mazungumzo ya kawaida dukani. Mwaka 2013 kamati iliyoongozwa na Profesa Sioned Davies ilitoa taarifa juu ya hali hiyo, ikasema wazi kwamba muda wa kuirekebisha unakaribia kwisha. Kwa nusu karne shule mbili zimeweza kusimama katika mtaa mmoja, watoto wakitoka nyumba zinazofanana, lugha nyumbani ileile. Waliofundishiwa wanazungumza. Waliofundishwa tu wanakumbuka rangi na siku za wiki.

Mtaala mpya ulioanza 2022 umefuta mgawanyo wa Kiwelisi cha kwanza na Kiwelisi cha pili, na sheria iliyopitishwa na Bunge la Welisi mwaka 2025 inataka kila mtoto, ifikapo 2050, amalize shule akiwa na uwezo wa kujitegemea katika Kiwelisi, hata aliyesoma shule ya Kiingereza. Njia iliyochaguliwa ni kuongeza Kiwelisi cha kufundishia katika shule zote, hatua kwa hatua. Walimu wa kuifanya kazi hiyo bado hawatoshi, na hilo ndilo litakaloamua.

*

Kutoka madarasa ya Welisi dunia imepata neno. Mwaka 1994 Cen Williams wa chuo kikuu cha Bangor aliandika tasnifu iliyoelezea mbinu aliyoiita trawsieithu, yaani kuvuka kutoka lugha hadi lugha kwa mpango. Wanafunzi husoma habari za volkano kwa Kiingereza, kisha wanajadili na kuandika kwa Kiwelisi, na wiki nyingine kinyume chake. Anayenakili hawezi kufaulu hapo, maana maneno ya kunakili yako katika lugha nyingine. Ni lazima ameelewa. Colin Baker, pia wa Bangor, aliitafsiri istilahi hiyo kwa Kiingereza, na leo watafiti wa elimu Tanzania na Kenya huitumia wanapoeleza walimu wanavyochanganya Kiingereza na Kiswahili darasani. Wachache wanakumbuka ilikozaliwa. Wengi pia wamesahau kwamba Williams alizungumzia kuvuka kwa mpango, mwalimu akijua lugha gani inaingiza na lugha gani inatoa. Mwalimu anayerukia Kiswahili kwa sababu darasa limenyamaza anafanya jambo la busara, lakini anafanya jambo jingine.

Hapa msikilizaji wa Dar es Salaam ana haki ya kuuliza swali gumu. Kama kufundishia ndiko kunakoijenga lugha, je, hiyo si hoja ya kuwafundishia vijana wetu kwa Kiingereza sekondari? Jibu liko katika umri na katika mwalimu. Mtoto wa trochi anaingia akiwa na miaka mitatu, wakati masomo yenyewe ni koti, mvua na wimbo, na mwalimu wake anaimiliki lugha kikamilifu. Kijana wa shule ya umma Tanzania amesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha kidato cha kwanza anakutana na biolojia, fizikia na Kiingereza siku moja, na mara nyingi mbele ya mwalimu ambaye naye alipita njia hiyohiyo. Griffith Jones angeitambua hali hiyo mara moja: mambo mawili kwa pamoja, na miaka inakwenda. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitaja Kiswahili kitumike katika ngazi zote za elimu. Sekondari zimeendelea kufundishia kwa Kiingereza, na Kiswahili humo ni somo, chenye kipindi na mtihani. Hakimo hatarini kama Kiwelisi kilivyokuwa, lakini upande wa sayansi kimewekwa kabatini vilevile.

*

Haitakuwa haki kumaliza bila kusema palipo na kidonda. Serikali ya Welisi iliweka mwaka 2017 lengo la kufikia wasemaji milioni moja ifikapo 2050. Sensa ya 2021 ilihesabu 538,300, asilimia 17.8, wachache kuliko sensa mbili zilizotangulia. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 sehemu ilishuka kutoka asilimia 40.3 mwaka 2011 hadi 34.3. Hesabu ilifanyika wakati wa korona, shule zikiwa zimefungwa kwa miezi, na wazazi ndio waliowajazia watoto fomu. Huenda wengine waliandika walichosikia nyumbani. Lakini hilo lenyewe linasema kitu: shule ilipofungwa, lugha ilifungwa nayo.

Walimu wanaijua hali hiyo vizuri. Darasani Kiwelisi safi. Mapumzikoni, mpira ukishadunda, Kiingereza. Kijana wa miaka kumi na sita aliyefaulu kemia kwa Kiwelisi anaweza kumaliza mwaka mzima kazini bila kukitumia, akarudi kuona haya kukisema. Ndiyo sababu kambi ya Llangrannog ina thamani sawa na maabara, na ndiyo sababu shule za eneo la Gwynedd, kaskazini-magharibi, zilianzisha mkataba wa lugha unaowahesabu watoto kwa jinsi wanavyoongea uwanjani wala si kwa alama za mtihani. Baadhi ya wazazi nao wamejiandikisha kujifunza pamoja na watoto wao, wakikaa jioni na kitabu cha mtoto wa miaka minne, wakirekebishwa matamshi na mtoto huyo.

Mhadhara huu unawaomba walimu, wazazi na watunga sera waliokusanyika hapa jambo moja, linaloweza kuanza muhula ujao bila kusubiri waraka. Somo moja la sayansi, mada moja, lifundishiwe kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwalimu aandike istilahi alizolazimika kuzitafuta, awape wenzake. Walimu wa sekondari za Kiwelisi walianza hivyo.

Na ile shule ya watoto saba ingali pale Aberystwyth. Ni ya umma sasa, na hesabu bado zinafundishiwa kwa Kiwelisi.